Mlango Unaofunguka Katikati ya Barabara

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya jikoni na ya masomo ya watoto, ili tuzungumze juu ya kitu chenye tunapanda kila siku bila kukiangalia vizuri. Kitu hicho ni motokari. Wengi wetu tunafikiri kwamba motokari ni mambo ya wababa na mafundi. Lakini ni sisi tunaopanda taksi-bisi na mtoto mgongoni, kapu mkononi, na mwingine wa miaka sita akishika kikwembe chetu. Kwa hiyo mambo haya ni yetu pia.

Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilikuwa natoka soko la Kenya, hapa Lubumbashi, pamoja na mjukuu wangu. Tulipofika mahali pa kushuka kwenye barabara ya Kasenga, shofere alisimamisha bisi nusu ndani ya barabara, nusu pembeni, namna wanavyofanya wakiwa na haraka ya kupata watu wengine. Kijana wa mlangoni alivuta mlango, akapiga bati na kusema: «Haraka mama, haraka!» Mjukuu wangu hakungoja. Aliruka.

Wakati uleule motari mmoja alipita mbio kati ya bisi yetu na loori iliyokuwa inakuja. Sikumwona mpaka alipokuwa amekwisha kupita. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alikuwa amemshika mtoto kwenye kola ya shati. Miguu ya mtoto ilikuwa hewani. Kapu langu ndilo lililobebwa na usukani wa pikipiki, na sombe yote ikatawanyika juu ya lami. Watu walicheka juu ya sombe. Mimi sikucheka. Nilikaa pembeni ya barabara, magoti yakitetemeka, na mtoto akaniuliza: «Nkambo, juu ya nini mlango unafungukia upande wenye motokari zinapita?»

Sikuwa na jibu. Miaka yote napanda bisi hizo, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja. Makala haya ni jibu nililomtafutia.

Motokari zilizotengenezwa kwa barabara nyingine

Katika inchi yetu tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Ndivyo ilivyo pia Angola, Burundi, Rwanda na kwa jirani zetu wa Brazzaville. Lakini kati ya inchi tisa zinazopakana na Kongo, tatu zinaendesha upande wa kushoto: Zambia, Tanzania na Uganda. Kila mfanyabiashara anayekwenda Kasumbalesa anajua jambo hilo. Ukivuka mpaka tu, motokari zinahamia upande mwingine.

Huko Japani pia wanaendesha upande wa kushoto. Ndiyo maana motokari za kule zina usukani upande wa kuume. Na motokari nyingi tunazoziona mjini mwetu zilifanya kazi kwanza Japani, kisha zikauzwa zikiwa kuukuu. Zinapanda meli, nyingi zinashuka Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Nakonde, zinavuka Zambia mpaka Kasumbalesa, na kutoka hapo zinafika kwetu. Njia yote hiyo, Tanzania na Zambia, usukani wa kuume uko mahali pake. Ni sisi tu, mwisho wa safari, tunaoziweka kwenye barabara isiyokuwa yake.

Sasa fikiria namna fundi wa Japani alivyofikiri alipochora bisi ndogo kama Toyota HiAce. Kwao bisi inasimama pembeni ya barabara upande wa kushoto. Kwa hiyo mlango wa kuvuta, ule wa abiria, aliuweka kushoto, ili mama ashuke moja kwa moja pembeni, mahali watu wanatembea kwa miguu. Alifanya kazi yake vizuri. Lakini bisi ileile ikifika kwetu inasimama pembeni upande wa kuume, na mlango wake unabaki kushoto. Basi mlango uliotengenezwa kumpeleka mtoto mahali salama unamtoa katikati ya barabara.

Hilo ndilo jibu nililompa mjukuu wangu. Mlango si mbaya. Barabara ndiyo si ya mlango huo.

Nimesikia watu wakisema: tumezoea, hakuna shida. Ni kweli tumezoea. Lakini mtoto wa miaka sita hajazoea. Yeye anaona mlango umefunguka, anaona nje, anafikiri nje ni nyumbani.

Mama wa mbele ni jicho la shofere

Jambo la pili linahusu wale wanaopenda kukaa mbele. Katika motokari yenye usukani kuume, shofere anakaa karibu na mtaro, na abiria wa mbele ndiye anayekaa upande wa katikati ya barabara. Katika barabara ya mjini si tatizo kubwa sana. Lakini katika barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, kule maloori makubwa yamepanga mstari mrefu, ni tatizo kweli.

Shofere anataka kupita loori iliyo mbele yake. Kama usukani ungekuwa kushoto, angesogea kidogo tu na kuona kama barabara ni wazi. Lakini yeye amekaa kuume, nyuma ya tako la loori, haoni kitu. Ili aone, inafaa atoe motokari karibu yote kwenye upande wa wale wanaokuja. Abiria wa mbele ataona hatari kwanza, na wakati mwingine amekwisha kuchelewa.

Mashofere wazuri wanajua jambo hilo na wanabaki mbali nyuma ya loori, ili waone barabara kwa upana zaidi. Wengine wanamuuliza abiria wa mbele: «Mama, njia ni wazi?» Hapa nawaomba, wamama: usijibu «ndiyo» kwa kumfurahisha. Kama huoni mbali, kama kuna kilima au kona, kama huna hakika ya mwendo wa ile inayokuja, sema «hapana, ngoja». Hakuna mtu atakayekudai dakika hizo mbili. Na kama unalala ukikaa mbele, afazali ukae nyuma, kiti kile kiachiwe mtu mwenye macho wazi.

Kuna jambo lingine la shofere mwenyewe. Katika motokari nyingi za Japani, kijiti cha kuwasha taa za kugeuka kiko upande wa kuume wa usukani, na cha kupangusa mvua kwenye kioo kiko kushoto. Zile za Ulaya ni kinyume. Mtu aliyezoea moja akiendesha nyingine, utaona anapangusa kioo kikavu kila anapotaka kugeuka. Tunacheka, lakini nyuma yake kuna motari anayengoja ishara ambayo haikuja. Kama mume wako au kijana wako anabadilisha motokari, mwambie azoee kwanza kwenye uwanja mtupu, si kwenye rompua yenye watu.

Taa zinazomulika mahali pasipofaa

Jambo la tatu sikulijua mpaka fundi mmoja wa karibu na nyumbani kwetu aliponionyesha kwenye ukuta. Taa za mbele za motokari, zile za kumulika chini, hazimuliki sawasawa pande zote mbili. Upande wa pembeni ya barabara mwangaza unapanda juu kidogo, ili shofere aone watu wanaotembea kwa miguu na alama za barabara. Upande wa wale wanaokuja, mwangaza unabaki chini ili usiwaumize macho.

Katika motokari iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, mwangaza unapanda upande wa kushoto. Kwao kushoto ni pembeni. Kwetu kushoto ni macho ya shofere anayekuja mbele yako. Na upande wa kuume, pembeni mwa barabara yetu, kule wamama wanatembea wakitoka shambani au sokoni jioni, ndiko taa zinamulika vibaya zaidi. Kwa hiyo tunapata hasara mara mbili: anayekuja anapofushwa, na anayetembea haonekani.

Fundi anaweza kushusha taa kidogo, na hiyo inasaidia. Iliyo bora ni kubadilisha taa zenyewe na kuweka zile zilizotengenezwa kwa barabara ya kuume. Kwa aina za motokari zinazouzwa pia katika inchi zinazoendesha kuume, taa hizo zinapatikana.

Lakini sisi wenye kutembea kwa miguu tusingoje mafundi. Jioni, mahali pasipo njia ya wenye miguu, tembea upande wenye unaona motokari zikija mbele yako, si zile zinazokutokea mgongoni. Vaa kitu cheupe juu, hata kitambaa tu mabegani, kwa sababu kikwembe cha rangi ya giza hakionekani. Washa taa ya simu na uielekeze chini. Mtoto atembee upande wa majani, mama upande wa barabara.

Sauti ya yule mwanamke wa Japani

Tucheke kidogo, maana kuna mambo ya kuchekesha pia.

Katika motokari nyingi za Japani, ukiwasha tu, sauti nyororo ya mwanamke inasema maneno kwa Kijapani. Katika kundi letu kuna mama aliyekuwa akiitikia «asante» kila asubuhi, akifikiri anasalimiwa. Kumbe mara nyingi sauti hiyo ni ya chombo kidogo cha kulipia barabara kubwa za kule. Inamwambia shofere kwamba hakuweka kadi yake. Motokari imevuka bahari, imepata namba za Kongo, na bado inaomba kadi ya kulipia barabara za Japani.

Redio nayo ina kisa chake. Kwa miaka mingi, redio za FM za Japani zilikuwa zinaanzia namba 76 na kuishia 90. Sisi redio zetu nyingi ziko juu ya 90, mpaka 108. Ndiyo maana katika motokari nyingine unazungusha redio mpaka mkono unachoka na husikii hata kituo kimoja cha mjini. Redio haikuharibika, na haifai kulipa mtu ili «aitengeneze». Kuna kifaa kidogo cha kuongezea ambacho kinashusha namba hizo, au unaweka redio nyingine.

Lakini kuna alama moja ya kutochekea. Ukifungua ufunguo, mbele ya shofere taa nyingi ndogo zinawaka, kisha zinazimika. Kati ya hizo kuna inayoonyesha mtu aliyekaa na mpira mkubwa mbele yake. Ni taa ya mfuko wa hewa, ule unaopasuka na kujaa wakati wa aksida ili kulinda kichwa na kifua. Taa hiyo inapaswa kuwaka sekunde chache, kisha kuzimika. Ikibaki inawaka, mfuko una tatizo. Na ikiwa haiwaki hata kidogo, jiulize: pengine kuna mtu aliyeiondoa, ili mnunuzi asijue kwamba motokari ilikwisha kupata aksida na mfuko hauko tena. Kuuliza swali hilo mbele ya muuzaji ni bure, na jibu lake linaweza kukuokolea feza nyingi.

Kundi likitaka kununua bisi

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika makundi yetu ya likelemba na ya AVEC, wazo la kununua taksi-bisi linarudi kila mwaka wakati wa kugawanya akiba. Wamama wanasema: badala ya kila mmoja kula feza yake, tununue bisi, tumpe shofere, atuletee versema kila siku. Kundi langu pia lilikuwa na wazo hilo, na mimi nilikuwa mmoja wa wale waliolitetea sana. Baada ya siku ile ya sombe, niliomba tuzungumze tena.

Siko kinyume cha kununua. Lakini mwenye bisi ndiye mwenye mlango. Siku mtoto wa mtu atakapogongwa akishuka, hatutaweza kusema kwamba ni mambo ya shofere tu.

Tuanze na versema yenyewe. Shofere anapaswa kuleta kiasi fulani kila siku, watu wawepo au wasiwepo. Kinachobaki ndicho mshahara wake. Kwa hiyo kila dakika ya kusimama vizuri pembeni ni feza inayopotea kwake. Yule kijana aliyeniambia «haraka mama» hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anakimbizwa na hesabu. Tukiweka versema ya juu sana, ni sisi tunaomfukuza. Tukitaka shofere asimame vizuri, tumwekee kiasi chenye kinawezekana, na tumwambie waziwazi: kusimama pembeni kabisa ni sehemu ya kazi tunayokulipia.

Kisha hesabu ya kundi. Mfano tu: tuseme shofere analeta dola 30 kwa siku, siku 6 kwa juma. Hiyo ni dola 180 kwa juma, dola 720 kwa majuma manne. Wamama wengi wanaona dola 720 na tayari wanazigawanya kichwani. Lakini ndani yake kuna mafuta ya injini, breki, magurudumu, karatasi za Serikali, na siku bisi inapolala kwa fundi bila kuleta kitu. Kundi lenye akili linatenga sehemu moja kwa tatu, hapa dola 240, na kuiweka katika sanduku lenye funguo tatu mikononi mwa wamama watatu. Isiguswe kwa harusi wala kwa kilio. Bisi bila akiba ya kutengenezea ni bisi itakayotembea siku moja bila breki.

Wakati wa kwenda kuiangalia, msiende peke yenu na muuzaji. Mchukue fundi wenu, asiyekula feza ya muuzaji. Lakini hata bila fundi, macho ya mama yanaweza kuona mambo haya:

Karatasi na chuma viseme neno moja. Motokari za Japani zina namba ya shasi iliyogongwa kwenye chuma: herufi na namba za aina yake, kisha mstari mdogo, kisha namba yake yenyewe. Namba hiyo ifanane, herufi kwa herufi, na ile ya karatasi za duane na ya karte roze. Ikiwa imesuguliwa, au kuna alama za kulehemu karibu nayo, rudini nyumbani na feza zenu.

Magurudumu yana tarehe ya kuzaliwa. Pembeni ya mpira tafuteni namba nne ndani ya duara refu kidogo. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mpya kwa macho, lakini umekauka na unapasuka kwa joto. Na mkiona limeandikwa STUDLESS, fahamuni kwamba ni la wakati wa baridi, lilitengenezwa kwa ajili ya barafu na theluji za Japani. Mpira wake ni laini, na kwenye lami yetu ya moto unaisha mbio.

Kilometa zinaweza kurudishwa nyuma, lakini uchakavu haurudi. Angalieni raba za miguu ya shofere, kiti chake, na usukani. Kama saa inaonyesha kilometa kidogo lakini raba zimelika mpaka chuma, moja ya hizo mbili inadanganya, na raba hazijui kudanganya.

Ulizeni kama usukani umegeuzwa. Kuna mafundi wanaohamisha usukani kutoka kuume kwenda kushoto, na wengine wanakata mlango mpya upande wa kuume. Kwa wazo ni vizuri. Lakini usukani umeunganishwa na vyuma vinavyogeuza magurudumu, na karibu yake kuna breki. Kama vyuma hivyo vimelehemiwa vibaya, siku moja vitaachana barabarani. Na mwili wa bisi uliokatwa bila kutiwa nguvu unakuwa zaifu wakati wa kugongana. Nilimuuliza fundi wetu, akaniambia: afazali usukani wa kuume uliotoka kiwandani kuliko wa kushoto uliotoka chini ya mwembe. Iliyo bora zaidi ni kutafuta bisi iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa barabara ya kuume, au angalau yenye milango ya kuvuta pande zote mbili. Zipo. Bei yake ni juu, na kuzipata ni kazi. Lakini tunanunua mara moja, na watu watashuka mara elfu nyingi.

Mwisho, asiransi. Sheria inailazimisha, na si kwa ajili ya polisi wa barabarani tu. Bisi yenu ikimwumiza mtu, bila asiransi ni akiba za wamama wote zitakazolipa hospitali, na pengine kilio.

Mtoto ndani ya motokari

Kwa wale ambao jamaa yao ina motokari ndogo, kuna faida moja ya usukani wa kuume ambayo watu wengi hawaifikirii. Mtoto akae nyuma ya shofere. Upande huo ndio wa pembeni ya barabara yetu, kwa hiyo atashuka kwenye majani, si mbele ya motari. Na kwenye ukingo wa milango ya nyuma, ukiifungua utaona kijiti kidogo cha kusukuma. Ni kufuli ya watoto. Ukiisukuma, mlango haufunguki tena kutoka ndani, mpaka mtu mkubwa aufungue kutoka nje. Mfunge hivyo mlango wa kushoto. Ni kazi ya sekunde tano, na haigarimu hata franka moja.

Mtoto asikae mbele juu ya magoti. Najua tunapenda kumshika sisi wenyewe, tunaona mikono yetu ni salama kuliko yote. Lakini motokari ikisimama kwa kugonga, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia, na mfuko wa hewa unaopasuka mbele unaweza kumwua mtoto mdogo. Usifunge mkanda mmoja ukakuzunguka wewe na yeye pamoja, maana uzito wako ndio utakaomponda. Mtoto mkubwa afungwe mkanda wake, nyuma. Mchanga anahitaji kiti chake cha motokari. Viti hivyo vinauzwa pia vikiwa kuukuu, na ni zawadi nzuri kuliko nguo ya pili ya ubatizo.

Katika taksi-bisi hakuna kiti hicho, na mara nyingi hakuna hata mkanda. Huko tufanye tunaloweza: mtoto wa mgongoni umhamishe mbele kifuani kabla ya kukaa, usimbane kati ya mgongo wako na kiti. Kaeni viti vya katikati, mbali na mlango na mbali na kioo cha mbele.

Tunashuka namna gani

Katika kikao chetu cha mwisho tulikubaliana sheria ndogo za kushuka. Nazileta kwenu, kila kundi liongeze yake.

Kabla ya mlango kufunguka, mtoto ashikwe mkono, si nguo. Mama atazame kwanza nyuma kwa kioo cha kushoto, kwa sababu hatari ya kwanza inatoka nyuma. Mama ashuke kwanza, mkono mmoja ukiwa umemshika mtoto, kisha mtoto. Kama una watoto wawili, omba jirani akushikie mmoja. Hakuna mama atakayekataa. Ukisha kushuka, jibanze karibu na bisi, tembea kuelekea nyuma yake ili uone zinazokuja, kisha uzunguke mpaka pembeni. Na kama nyumba yako iko upande wa pili, usivuke mbele ya bisi wala nyuma yake. Ngoja pembeni iende kwanza, ndipo uangalie pande zote mbili.

Na kijana wa mlangoni akikuambia «haraka», mjibu kwa upole: «Mwanangu, ningojee, nashusha mtu.» Mimi nasema hivyo siku hizi. Wengine wananuna. Lakini wengi, nimeona, wanashuka wao wenyewe, wanasimama barabarani na kuinua mkono kuzuia mamotari mpaka tumalize. Hawakuwa na moyo mbaya. Hakuna aliyekuwa amewaomba.

Wamama watatu wa kundi letu watakwenda juma lijalo kuzungumza na wakubwa wa parkingi, ili jambo la kuinua mkono liwe desturi ya kila bisi, zaidi sana asubuhi na saa sita, wakati watoto wa masomo wanapopanda na kushuka. Wamama wa komini zingine wanaweza kufanya vile kwenye parkingi zao. Na bisi yetu? Hatujainunua. Tumeongeza miezi ya akiba, tukitafuta yenye mlango upande wa pembeni.

Mjukuu wangu, yeye, amekwisha kuwa mwalimu. Kila tukipanda, anaangalia mlango uko wapi na kuwaambia abiria kwa sauti: «Huu unafungukia mbaya. Ngojeni nkambo ashuke kwanza.» Watu wanacheka. Lakini wanangoja.